Likizo ya Ghuba ya Mwanza na watoto watatu: tuliyoona, tuliyolipa na tuliyoambiwa tukiwa tayari majini

#1 Asali Mbichi (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikiendi. Niliahidi kwenye uzi ule wa nauli kwamba nikirudi nitaandika. Tumerudi Jumapili, nguo ndiyo kwanza zinakauka.

Kwa msionifahamu, nakaa Tabora. Nina watoto watatu, mkubwa yuko darasa la sita na wa mwisho yuko kwenye umri wa kuuliza. Wananidai bahari tangu Krismasi. Nikapiga hesabu ya Dar, nikapiga ya Tanga, mke wangu akaniangalia ninavyohema na kalamu mkononi akasema, "Baba Neema, kwani kwetu hakuna maji?" Kwao ni Sengerema. Basi bahari ikageuka ziwa, na mimi nikapumua.

Safari sitawachosha nayo. Nzega, Shinyanga, Misungwi, mawe makubwa yakaanza kujipanga kando ya barabara, tukajua tumefika. Tulifikia gesti moja upande wa Luchelele, huko nyuma ya Nyegezi. Feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga, lakini ukifungua mlango wa uani hatua hamsini uko majini.

Pamoja na kuoa huku miaka kumi na mitatu, kuna kitu nilikuwa sijakielewa. Mwanza haikutazamana na lile ziwa lenyewe la mawimbi. Imekaa kwenye ghuba, mkono wa maji unaoingia kusini kama kilomita 60, jiji likiwa upande wa mashariki na Sengerema ng'ambo ya pili. Kule nje ziwa linaweza kuwa limechafuka, huku ndani asubuhi maji yametulia kama yamo kwenye karai.

Saa kumi na mbili nilitoka na mswaki mdomoni nikakuta mitumbwi ya dagaa inarudi. Siku hizi si karabai tena, taa ni za sola. Kijana mmoja akaniambia nimebahatika, mwezi ungekuwa mpevu nisingemkuta mtu, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa na wavuvi wanabaki nyumbani kushona nyavu. Dagaa walikuwa bado wanarukaruka ndooni. Mwanangu wa mwisho akachukua mmoja akamtia kwenye kikombe cha mswaki akisema atamfuga. Alikufa kabla ya chai. Tulimzika.

Siku ya pili nikatangaza kwamba tunakwenda Igombe, kule kwa uwanja wa ndege. Mkubwa akagoma kupanda bajaji. "Baba, yaani tumetoka Tabora kote kule kuja Igombe?" Wa Tabora wananielewa: bwawa letu la maji nalo linaitwa Igombe. Dereva alicheka mpaka akazima injini.

Saanane ni lazima. Boti inatokea Capripoint, dakika chache tu umefika. Kisiwa kina jina la mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akivua na kulima pale kabla ya serikali kuanzisha bustani ya wanyama mwaka 1964. Kimekuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na ndiyo ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba mbili na ushee, maji yakiwemo. Watoto hawakujali swala. Walikwama kwa pimbi. Mwongozaji aliwaambia yule panya mnono anayeota jua juu ya mwamba ni ndugu wa tembo kwa damu, na mpaka leo hapa nyumbani hawajakubali.

Sasa makosa yangu, maana sikuja kujisifu.

Kosa la kwanza, tulikodi boti ya mtu binafsi saa tisa alasiri. Asubuhi kioo, alasiri upepo umeamka kutoka ziwani. Laifujaketi la mwanangu wa kati kishikizo kilikuwa kimekatika. Nahodha akasema, "Litakaa tu, mzee." Mama yake hakujibu, alifungua kanga kiunoni akamfunga mtoto na lile jaketi kama mzigo wa kuni, mafundo mawili. Wimbi la tatu lilipoingia ndani nilisema turudi. Hela hakurudisha.

Kosa la pili, siku ile ya kwanza watoto walishaingia majini palepale nyuma ya gesti, pembeni ya matete, mchana kweupe. Mama mmoja aliyekuwa anasugua sufuria akaniita pembeni: "Baba, hao watoto watoe kwenye matete. Sisi tumeshazoea kumeza dawa." Wameshakaa saa nzima humo. Naomba wataalamu mniambie nifanye nini.

Mwisho tukaenda ukweni kupitia daraja jipya la Kigongo–Busisi, pale pantoni ilipokuwa inavusha. Nalo nina la kusema, ila ngoja nilishe kuku kwanza.

#2 Siti ya Mbele

Nimekaa paleee. Mkuu, picha ya pimbi iko wapi?

#3 Nyanda wa Kayenze

Shemeji, karibu sana ukweni, lakini hapo kwenye boti ulitaka kutuachia matanga. Huku kila mtoto anajua: asubuhi maji ni ya mgeni, alasiri ni ya mwenyeji. Jua likishachoma nchi kavu upepo unatoka ziwani kuja huku, na hapo Luchelele unakuja umejikusanya. Mtu anayekukodishia saa tisa na jaketi limekatika anajua anachofanya.

Halafu ulifika Igombe ukarudi? Ungesogea mpaka Kayenze ukaona mwalo wenyewe, pale samaki wanaposhushwa, uone sangara anavyopimwa na yule dalali anavyotafuta mabondo, ule mfuko wa hewa wa tumboni, kwa vidole kabla samaki hajafika kwenye mzani. Mabondo ndiyo hela siku hizi. Yanakwenda China, nyama tunakula sisi.

#4 Nesi wa Zamu

Asali Mbichi, kuhusu hao watoto. Usiwe na hofu ila usipuuze.

Kichocho cha huku ziwani ni kile cha tumbo, si kile cha kukojoa damu mnachokijua kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga. Mdudu anakaa kwenye konokono mdogo bapa, na konokono huyo anapenda nini? Maji yaliyotulia yenye majani. Yaani hiyo ghuba unayoisifu hapo juu, kona ile ile iliyojificha upepo ambayo mzazi anaona ni salama kwa mtoto, ndipo penyewe. Vijidudu vinatoka kwenye konokono jua likipanda, mchana ndiyo vimejaa kabisa, na kupenya ngozi vinahitaji dakika chache tu. Huoni kitu. Labda mwasho jioni, unasema mbu.

Sasa usikimbilie duka la dawa leo. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaiacha. Ukimpa mtoto wiki hii utakuwa umempa dawa na minyoo imebaki. Hesabu wiki sita mpaka nane tangu siku ya kuoga, mpeleke kituo cha afya, mwambie mganga alioga wapi na lini, apimwe choo, apewe dawa kwa uzito wake. Shuleni huku wanawapima urefu kwa ule mti wenye alama, kila alama na vidonge vyake. Ale kwanza ashibe, kidonge kikubwa na kichungu, tumbo tupu atakirudisha. Katikati hapo akipata homa kali au akiharisha damu, usisubiri hizo wiki.

#5 Mwana wa Mapanki

Hizi ni hofu za wasomi. Mimi nimezaliwa Igogo, nimeoga humo humo, nimefua humo, nimekunywa humo, leo nina miaka 44 na nabeba gunia la kayabo peke yangu.

#6 Nesi wa Zamu

Kaka yangu, hongera. Wodini nilikuwa na wa umri wako, naye alikuwa anabeba magunia, tumbo limejaa maji, anatapika damu. Bandama imevimba mpaka kitovuni. Naye alisema amezaliwa ziwani. Minyoo ile inakaa mwilini miaka, haikuui mwaka wa kwanza ndiyo maana unaibeza. Nenda kapime, ni choo tu, huchomwi sindano.

#7 Mwana wa Mapanki

Sawa dada. Nitaenda Jumatatu. Msinisubirie majibu humu.

#8 Mhasibu Mstaafu

Mleta uzi umeandika "tuliyolipa" kwenye kichwa cha habari na hujaweka hata shilingi. Kijijini kwetu hiyo inaitwa chai.

#9 Asali Mbichi

Haya mhasibu. Sato mmoja hotelini, wa kuchoma na ndizi, elfu 25. Niliagiza watatu kwa watu watano kabla sijauliza bei, nikalipa elfu 75 huku natabasamu. Kesho yake mke wangu akaniacha na watoto, akapanda daladala mpaka Mwaloni Kirumba, akarudi na sato wanne kwenye mfuko kwa elfu 24, mama wa gesti akatuazima jiko. Tangu siku hiyo hotelini tulikuwa tunakwenda kunywa soda na kutazama Jiwe la Bismarck likibadilika rangi. Soda bei yake inajulikana.

Nesi, Mungu akuweke. Nimeandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, mke wangu ameizungushia wino mwekundu.

Kuhusu daraja. Tulitoka mjini asubuhi, Usagara tukakunja kulia, na kabla mdogo hajamaliza kuuliza kwa nini Usagara inaitwa Usagara tuko juu ya maji. Kilomita 3. Limezinduliwa 19 Juni 2025, bado linanukia upya. Watoto walikuwa wanahesabu nguzo, wakafika ishirini na kitu, gari likashuka upande wa pili. "Tayari?" Tayari.

Mke wangu alikuwa kimya muda wote. Nikadhani kichefuchefu. Tulipofika kwao ndipo akasema: tangu akiwa shule ya bweni hajawahi kuvuka pale bila kununua kitu. Pantoni ikichelewa mtu unashuka, unanunua yai la kuchemsha lenye chumvi na pilipili kwenye karatasi, unakutana na mtu mliyesoma naye, unapata habari za nani kaolewa na nani kafiwa. Kuvuka kwenyewe nusu saa, kusubiri saa mbili, tatu. Alikuwa analichukia lile jua. Lakini jioni akaniambia, "Nipeleke Busisi."

Tulikwenda. Gati lipo. Vibanda vingine vimebaki miti mitupu. Mbwa amelala mahali ambapo malori yalikuwa yanapanga foleni mpaka juu barabarani. Mawimbi madogo yanagonga ule mteremko wa zege, na kule juu magari yanapita, unasikia mvumo tu. Watoto walirusha mawe. Mke wangu akakaa juu ya tofali akala karanga tulizotoka nazo Mwanza. Kwa kweli katika siku sita zote, hiyo ndiyo saa ninayoikumbuka zaidi, na hatukulipia.

#10 Lori la Mkaa

Wewe na mkeo mnalilia foleni? Mimi nimelala pale na shehena ya nyanya kutoka Geita, nimefika Mwanza zimekuwa tomato. Pantoni moja mbovu, nyingine inasubiri injini. Acheni daraja lifanye kazi. Mayai mtachemsha nyumbani.

#11 Bibi wa Isamilo

Wajukuu, na mimi nichangie. Mama Neema akitaka pantoni bado ipo, apande ya Kamanga pale katikati ya mji, inavuka kwenda upande huo huo wa Sengerema. Nusu saa hivi, upepo unapiga uso, anashuka Kamanga na magari yapo.

Mimi mwenyewe sipandi. Tangu 21 Mei 1996 sijakanyaga chombo chochote cha majini. Meli ya MV Bukoba ilitoka Bukoba usiku, ikazama karibu kabisa na Mwanza, watu walikuwa wameshaanza kukusanya mizigo. Tulikwenda bandarini na maandazi ya kuwapokea wageni. Makaburi yako Igoma. Kwa hiyo nikisikia jaketi la mtoto limefungwa kwa kanga, sijalala. Baba Neema, siku nyingine jaketi likiwa limekatika hakuna safari. Usimwachie mama atafute kanga.

#12 Asali Mbichi

Shikamoo bibi. Nimepokea, na nimemsomea mama Neema. Amesema "marahaba imfikie bibi" kwa kuchanganyikiwa, nimemrekebisha.

#13 Mzee wa Furu

Nakazia la yule kijana wa Kayenze. Mnasema samaki, mnamaanisha sato na sangara. Sisi watoto wa Ghuba hii tulikula furu. Unapita mwaloni unanunua mshipi mzima, wametungwa kwenye ujani, wadogo kama kiganja, rangirangi, mwingine wa buluu mwingine kifua chekundu. Walikuwa aina mamia. Wazungu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikaa hapa hapa kwenye ghuba miaka ya 1970 wakiwahesabu na kuwapa majina, na hawajamaliza kuwapa majina sangara akawa ameshafika kuwamaliza. Alipandikizwa huko Uganda miaka ya 1950, akashuka taratibu. Miaka ya themanini unavuta wavu ni sangara mtupu.

Wapo furu waliorudi, si kama zamani. Mleta uzi ukija tena usiulize hotelini, watakushangaa. Uliza akina mama wanaouza kwenye sinia asubuhi, mitaa ya pembeni. Kaanga wakauke, kula na kichwa.

#14 Mtoto wa Kisesa

Siku sita Mwanza na hamkufika Bujora? Makumbusho ya Wasukuma, pale Kisesa, barabara ya Musoma. Watoto wangeona ngoma za watemi na nyumba yenye umbo la kiti cha enzi. Kama ungekuja Juni ungekuta Bulabo, sikukuu ya ngoma, vikundi vya Wagika na Wagalu wanashindana, mtu anacheza na chatu shingoni. Pimbi ni nini.

#15 Asali Mbichi

Chatu shingoni na huyu wangu wa mwisho? Angetaka kumtia kwenye kikombe cha mswaki. Lakini tutafika.

#16 Fundi Injini wa Misungwi

Kwa wanaotaka kuja: angalieni na gugumaji. Lile jani lilishuka na Mto Kagera kuanzia mwishoni mwa miaka ya themanini, likaganda ziwani. Linatembea na upepo. Leo mwalo mweupe, kesho umeamka ni kiwanja cha mpira, mtumbwi hautoki. Na linapenda ghuba kuliko nje, kwa sababu likishaingia huku hakuna wimbi la kulitoa. Kuna siku nimekuta panga la injini ya mteja limesokotwa na mizizi kama uzi kwenye cherehani, nimetumia kisu cha jikoni saa nzima. Konokono wa nesi nao wanaishi chini yake, nimewaona wamejishika kwenye mizizi. Ukiona mahali limejaa, usitie mguu, hata kama gesti imeandika ufukwe.

#17 Karanga za Busisi

Nimeletewa huu uzi na mwanangu, nimeusoma mara mbili. Baba Neema, habari za Tabora.

Mimi ni mmoja wa hao wa vibanda. Nimeuza pale karanga na mayai tangu 2004. Hesabu yetu ilikuwa kwenye foleni. Gari likisimama saa mbili, trei mbili za mayai zimekwenda. Likisimama nusu saa, ni karanga tu, maana yai mtu hali kwa haraka. Tulikuwa tunajua pantoni ikiharibika kabla ya abiria kujua: mashine ilikuwa inabadilisha sauti, sisi tunaongeza maji sufuriani.

Yule wa lori asiniudhi, anasema kweli. Mdogo wangu alishikwa na uchungu usiku, tukakaa pale gatini tunasubiri pantoni izunguke kutoka Kigongo, unaziona taa zake ng'ambo hazisogei. Mtoto alizaliwa kwenye gari. Yuko mzima, ana miaka tisa, tunamwita Feri. Mwezi uliopita jirani amepelekwa hospitali ya Bugando usiku huo huo, wamepita juu dakika chache. Kwa hiyo daraja silisemi vibaya. Ila siku ya kwanza lilipofunguliwa nilichemsha mayai trei tatu kama kawaida. Nikakaa. Magari yanapita juu. Nani atashusha kioo kule juu anunue yai kwangu huku chini? Tulikula mayai nyumbani siku nne.

Mwambie mkeo namkumbuka, kama ni yule binti wa bweni aliyekuwa anaomba pilipili peke yake kwenye karatasi. Walikuwa wengi, lakini huyo wa pilipili alikuwa mmoja.

#18 Asali Mbichi

Mama, nimempa simu asome mwenyewe. Ameshika mdomo. Anasema ndiye, na anasema pilipili ilikuwa ya bure ndiyo maana.

Tunarudi Desemba Mungu akipenda, baada ya hao wadogo kumeza dawa. Tutakupata wapi siku hizi?

#19 Karanga za Busisi

Stendi ya Sengerema, upande wa magari ya Geita. Uliza mama wa karanga za Busisi, wataonyesha. Mje kabla ya saa tano, baada ya hapo mayai huwa yameisha.